Gavana Hana Mahakama: Kaunti Yako Ina Kazi Gani Kwenye Mambo ya Haki?

Wengi mliokuwa kwenye kikao chetu cha mtandaoni Jumamosi usiku mliniomba maandishi ya mazungumzo yangu. Haya hapa. Nimeyagawa kwa nambari ili yasomeke kwa simu, na nimepunguza zile "yaani" na "si mnajua" za mdomo. Sheria ya uzi huu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukilitaja kwenye maoni nitalifuta. Hapa tunajadili ofisi.

1.
Nianze na kisa cha nyumbani. Mama mdogo wangu anauza nyanya, vitunguu na ndizi kando ya barabara, karibu na stage. Kaunti sitaitaja. Asubuhi moja lori la kanjo lilifika. Walibeba kreti nne za nyanya, meza, mwavuli na mizani. Hakupewa karatasi yoyote. Aliambiwa tu, "Kuja ofisini."

Ofisi gani? Hapo ndipo shida ilianza.

2.
Alienda kwa chifu kwanza. Chifu akamwambia, "Mama, mimi ni wa serikali kuu. Hao ni watu wa gavana." Akaenda kituo cha polisi. Akaambiwa, "Hao si askari wetu." Akaenda kwa MCA, akaambiwa mheshimiwa yuko kikaoni. Akaenda ofisi ya gavana, hakupita getini. Siku ya nne mtu wa boda ndiye aliyempeleka kwenye yadi ya kaunti. Nyanya zilikuwa zimeoza na mizani haikuonekana. Bado aliambiwa alipe pesa kabla ya kuchukua meza yake.

Jioni hiyo alinipigia simu akaniuliza, "Wewe unasomea siasa. Haki ya mtu kama mimi inakaa kwa ofisi gani?"

Sikuwa na jibu. Ninajua kuwaeleza mifumo ya uchaguzi ya nchi tatu, lakini sikujua mama mdogo wangu angebisha mlango upi. Mazungumzo haya ni jibu langu, ingawa nimechelewa.

3.
Sasa hebu tuangalie kauli tatu ambazo mmezisikia kwenye mijadala:

"Nikiwa gavana, wezi wa mifugo watafungwa maisha."

"Gavana huyu ameshindwa, kesi zinachukua miaka na mikaka mahakamani."

"Huko Kanada kila jimbo lina wizara yake ya haki. Kwa nini kaunti zetu zinanyimwa?"

Kauli ya kwanza inaahidi mamlaka ambayo gavana hana. Ya pili inamlaumu kwa kazi isiyo yake. Ya tatu ni swali zuri, na nitalijibu. Lakini zote tatu zina hasara moja: tukikimbizana na kile ambacho gavana hawezi kufanya, tunasahau kumuuliza kile anachopaswa kufanya.

4.
Tufungue Katiba ya 2010, twende moja kwa moja hadi Jedwali la Nne. Hilo ndilo jedwali linalogawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47. Kama hujawahi kulisoma, lisome wikendi hii, ni fupi.

Upande wa serikali ya kitaifa utapata huduma za polisi, na ndani yake sheria za jinai na magereza. Kisha utapata mahakama. Upande wa kaunti kuna kazi 14: kilimo, afya ya kaunti, masoko na leseni za biashara, leseni za pombe, maegesho na usafiri wa kaunti, chekechea, maji, zima moto na nyinginezo. Neno "mahakama" halimo kwenye orodha ya kaunti. Neno "polisi" halimo.

5.
Kwa hivyo nani ana nini?

Polisi wako chini ya Inspekta Jenerali. OCS wa mtaani kwenu hachukui amri kwa gavana.

Mashtaka ya jinai yako mikononi mwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kifungu cha 157 kinasema hahitaji idhini ya mtu yeyote kuanzisha kesi, na hayuko chini ya maagizo ya mtu yeyote. Hata waziri hawezi kumwambia "huyu mshtaki, yule mwache", sembuse gavana.

Mahakimu, majaji na Makadhi ni wa Idara ya Mahakama. Gavana hawaajiri, hawahamishi, hawalipi. Ukiona kesi ya shamba imekwama miaka minane, barua yako iende kwa Idara ya Mahakama.

Chifu, naibu wa chifu na kamishna wa kaunti ni watu wa serikali ya kitaifa. Neno "kaunti" kwenye cheo cha kamishna lisikuchanganye. Gavana tunamchagua, kamishna anateuliwa.

6.
Mtu atauliza, kwa nini tulipanga hivi? Si ingekuwa rahisi gavana awe na idara yake ya haki, na mahakimu wake na waendesha mashtaka wake, karibu na mwananchi?

Hapa inabidi turudi nyuma kidogo. Wakati wa ukoloni, afisa wa wilaya alikuwa mtawala na pia alikuwa na mamlaka ya hakimu. Mtu yule yule aliyekusanya kodi na kutoa amri ndiye aliyeweza kukuhukumu kwa kutotii amri hiyo. Mahakama za Waafrika nazo zilikuwa chini ya uangalizi wa utawala wa mkoa. Mahakama hizo ziliendelea kuwapo hata baada ya uhuru, hadi sheria ya mahakama za mahakimu ya 1967 ilipoziondoa mahakama zile na kuweka mfumo mmoja wa nchi nzima.

Wazee wetu walioishi zama hizo wanajua maana ya kushtakiwa na kuhukumiwa na bwana mmoja. Hofu hiyo haikutoka hewani.

7.
Sasa Kanada, maana najua mtaileta kwenye maoni. Ni kweli. Katiba yao ya 1867, sehemu ya 92, inayapa majimbo usimamizi wa haki ndani ya jimbo: kuunda mahakama za jimbo, kuziendesha na kuzigharamia. Kila jimbo lina waziri ambaye pia ni Mwanasheria Mkuu wa jimbo. Mawakili wa serikali walio chini ya ofisi hiyo ndio wanaoendesha kesi nyingi za jinai. Msaada wa kisheria kwa maskini huendeshwa na majimbo. Hata magereza wamegawana: kifungo cha chini ya miaka miwili unatumikia gereza la jimbo, cha miaka miwili au zaidi unatumikia gereza la serikali kuu.

Lakini watu husimulia nusu tu. Huko huko Kanada, sheria ya jinai inatungwa na bunge la taifa peke yake. Na majaji wa mahakama za juu za majimbo huteuliwa na serikali kuu. Kwa hivyo hata waziri wa haki wa Ontario, pamoja na ofisi yake kubwa, hawezi kuamua kwamba wizi wa ng'ombe ni kifungo cha maisha. Ile ahadi ya mgombea wetu isingewezekana hata huko.

8.
Na tusiende mbali hivyo. Afrika Kusini ina majimbo 9 yenye serikali zake. Mahakama ni za taifa, na mamlaka ya mashtaka ni moja kwa nchi nzima. Jimbo limepewa nafasi ya kusimamia mwenendo wa polisi: kufuatilia, kupokea malalamiko, kuangalia kama polisi na raia wanaelewana. Linaangalia na kuuliza, lakini haliamuru.

Kwa hivyo kuna njia zaidi ya moja. Kanada imeyapa majimbo vyombo vyenyewe, Afrika Kusini imeyapa jicho la kuangalia. Na sisi tumezipa kaunti nini?

9.
Tumezipa mambo mawili ambayo watu wengi hawayahesabu kama haki. La kwanza ni wakili.

Kila kaunti inapaswa kuwa na Wakili wa Kaunti, chini ya sheria ya mwaka 2020 iliyounda ofisi hiyo. Gavana humteua, bunge la kaunti humwidhinisha. Yeye ndiye mshauri mkuu wa serikali ya kaunti kwenye mambo ya sheria. Anaketi kwenye vikao vya kamati kuu ya kaunti. Anaiwakilisha kaunti mahakamani, isipokuwa kwenye kesi za jinai. Anaandika na kukagua mikataba. Anashauri idara zote kuhusu miswada.

Angalia vizuri: yeye si wakili wako wewe. Ni wakili wa serikali ya kaunti. Usiende kwake ukidhani atakushtakia jirani. Lakini kazi yake inakugusa, maana akiamka asubuhi na kumwambia gavana "hapana, hii si halali," mama mdogo wangu hapotezi nyanya zake. Asiposema hivyo, au akisema na asisikizwe, sote tunalipa.

10.
La pili tulilozipa kaunti ni kalamu. Bunge la kaunti linatunga sheria, na sheria hizo zinaweza kusema kitendo fulani ni kosa. Kuuza bila leseni, kuegesha mahali pasiporuhusiwa, kuuza pombe nje ya saa. Hayo yote yana faini, na mengine yana kifungo.

Hapa ndipo tunapokosea kwenye mijadala yetu. Tunasema kaunti haihusiki na haki kwa sababu haina mahakama. Lakini kwa mchuuzi au dereva wa boda, mara ya kwanza kukutana na mkono wa sheria mara nyingi si polisi. Ni kanjo. Na kanjo ni mwajiriwa wa kaunti, anatekeleza sheria ya kaunti, iliyotungwa na MCA uliyempigia kura.

Gavana hawezi kukupa haki mahakamani. Lakini anaweza kukunyima haki kabla hujafika huko. Kama mtasahau kila kitu nilichosema leo, shikeni hilo.

11.
Tuifuate kesi ndogo ya kaunti hatua kwa hatua, tuone mkono wa kaunti unaishia wapi.

Bunge la kaunti linatunga sheria. Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye Gazeti Rasmi. Kanjo anakukamata kwa sheria hiyo. Tangu dakika hiyo Kifungu cha 49 kinakulinda kama mtu mwingine yeyote aliyekamatwa: uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, uruhusiwe kuwasiliana na wakili, na ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au kama saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa, kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata.

Mahakamani, anayeongoza mashtaka anaweza kuwa afisa wa kaunti, lakini mamlaka hayo ameyapata kwa Mkurugenzi wa Mashtaka. Hayakutoka kwa gavana. Na anayeketi kwenye kiti ni hakimu wa Idara ya Mahakama, hata kama jengo ni la kaunti.

Mwanzo wa kesi ni wa kaunti, mwisho ni wa taifa. Katikati ndipo watu hupotea, na ndipo hongo huzaliwa. "Toa kitu kidogo tusiende mbali" ni sentensi inayoishi hapo katikati, kwenye lori, kabla hakimu hajaonekana.

12.
Kuna nafasi ya tatu ambayo magavana wenyewe huitaja kwa nadra. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa ya 2011 inaweka Mamlaka ya Upolisi ya Kaunti. Mwenyekiti ni gavana au mwanakamati wa kaunti aliyeteuliwa naye. Ndani wamo wakuu wa usalama wa kaunti, wajumbe kutoka bunge la kaunti na wananchi wa kawaida. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya polisi kwenye kaunti, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kutoa maoni kuhusu utendaji kazi.

Haiwezi kumwambia OCS amkamate nani. Lakini inaweza kumuuliza kwa nini barabara ya sokoni haina doria saa kumi na moja alfajiri wakati akina mama wanashusha mizigo. Kwa hivyo gavana akikuambia "usalama si kazi yangu," amesema ukweli nusu. Muulize kama mamlaka hiyo imeundwa kwenye kaunti yake, na ilikutana lini mara ya mwisho.

13.
Sasa tuingie kwenye pesa, maana huko ndiko haki ya kaunti huumia bila kelele.

Chukua mfano. Kaunti imevunja kibanda chako kinyume cha sheria. Umeshtaki, umeshinda, mahakama imesema ulipwe. Ungekuwa umemshinda jirani, ungetuma dalali wa mahakama akamate mali yake. Kwa serikali haiwezekani. Sheria ya kesi dhidi ya serikali inazuia mali ya serikali kukamatwa, na ulinzi huo unaifunika kaunti pia. Gari la kaunti halichukuliwi.

Unachofanya ni kutafuta cheti cha amri ya mahakama, kumpelekea afisa wa kaunti anayesimamia malipo, kisha kama hakulipa unarudi mahakamani uombe aamriwe kulipa. Akikaidi, unarudi tena aadhibiwe kwa kudharau mahakama. Kila kurudi ni nauli, ni wakili, ni siku ya kazi imepotea. Wengi huchoka njiani.

Kuna sababu ya ulinzi huo: hatutaki ambulensi ya hospitali ya kaunti ipigwe mnada. Naielewa. Lakini maana yake ni kwamba ulinzi huo unategemea uungwana wa kaunti. Kaunti yenye wakili makini na bajeti ya kulipa waliokosewa inaufanya uwe wa haki. Kaunti isiyojali inaufanya kuwa ukuta wa kujifichia.

Na upande wa pili wa shilingi, kaunti inayovunja sheria ovyo inashtakiwa ovyo, inaajiri mawakili wa nje, na ada zao zinaingia kwenye madeni. Sheria ya 2020 inataka idara za kaunti zipate idhini ya Wakili wa Kaunti kabla ya kuleta mawakili wa nje kwa kazi zake. Kwa hivyo ukiona kwenye ripoti ya ukaguzi ada za mawakili zimevimba, usiishie kusema "wizi." Uliza nani aliidhinisha, na ni kosa gani lililozaa kesi hizo zote.

14.
Turudi kwa mama mdogo wangu. Hivi ndivyo ningemwambia leo, na ndivyo nimemwambia.

Kitu kikichukuliwa, omba orodha iliyoandikwa ya vilivyochukuliwa, jina la sheria na mahali vinapopelekwa. Wakikataa, andika nambari ya gari, saa na majina kama yapo kwenye sare. Mwombe mchuuzi wa karibu awe shahidi.

Ukipigwa au ukiibiwa, hilo si jambo la kaunti tena. Ni jinai. Nenda polisi na usitoke bila nambari ya OB. Wakikuambia "hao si askari wetu," waambie unaripoti kosa, na kosa linaripotiwa kwa polisi bila kujali nani amelitenda.

Usilipe pesa bila risiti. Iwe lori, iwe yadi.

Iandikie kaunti barua ukiomba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo ikiwa uamuzi wa serikali umekuumiza. Weka nakala, igongwe muhuri wa kupokelewa.

Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa tume ambayo wengi huiita Ombudsman. Ni bure. Kwa ubaya wa polisi kuna IPOA, lakini IPOA ni ya polisi. Kanjo si polisi.

Sheria yenyewe ikiwa mbaya, andikeni ombi kwa bunge la kaunti. Sheria ya serikali za kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi hilo. Mchuuzi mmoja ni kelele. Wachuuzi mia mbili wenye sahihi ni ajenda.

15.
Mwisho wa mazungumzo yangu, maswali matano ya kumuuliza mgombea ugavana badala ya "utafanya nini kuhusu mahakama":

Wakili wako wa Kaunti atakuwa nani, na ataweza kukuambia hapana?

Kanjo watafunzwa na nani, na sare zao zitakuwa na majina?

Sheria za masoko za kaunti zinapatikana wapi, na kwa Kiswahili?

Kaunti ina deni kiasi gani la watu walioishinda mahakamani, na utawalipa kwa utaratibu upi?

Mamlaka ya Upolisi ya Kaunti itakutana mara ngapi kwa mwaka?

Akijibu mawili kati ya hayo vizuri, huyo amesoma kazi anayoomba. Akikuambia atafunga wezi maisha, mpigie makofi kwa ushairi kisha usonge mbele.

16.
Baada ya hapo mliuliza maswali. Nimeweka matatu.

Dada mmoja kutoka kaskazini alisema: "Ndugu, sisi mahakama iko mbali, nauli peke yake inazidi faini. Unatuambia gavana hahusiki. Basi ugatuzi umetusaidia nini?"

Dada yangu, swali lako lilinifanya ninyamaze, mnakumbuka. Umbali ni kunyimwa haki, na Kifungu cha 48 kinaitaka serikali ihakikishe kila mtu anaifikia haki. Jibu la sasa ni mahakama tembezi, zile ambazo hakimu huwafuata watu. Hizo ni za Idara ya Mahakama. Lakini hakuna sheria inayomzuia gavana kutengeneza barabara ya kufika huko, wala kaunti kutoa ardhi ya kujengea mahakama. Na kuna kamati za watumiaji wa mahakama ambapo mahakama, polisi, mashtaka na wananchi hukaa meza moja. Kaunti yako iwe mezani hapo. Hayo si kila kitu, najua.

17.
Kaka mwingine: "Si tubadilishe tu Katiba tuzipe kaunti mahakama?"

Inaruhusiwa kuomba. Lakini ukigusa uhuru wa Mahakama au muundo wa ugatuzi, Kifungu cha 255 kinasema lazima twende kura ya maoni. Hakuna bunge litakalolimaliza peke yake. Na kabla hujaweka tiki, fikiria gavana unayempinga kuliko wote. Sasa mfikirie akiwa na mwendesha mashtaka wake mwenyewe. Kama bado unataka, basi una msimamo wa kweli, na tutajadiliana. Kama umebadilisha mawazo, basi ulikuwa unataka tu gavana wako awe na nguvu.

18.
La mwisho liliandikwa kwenye maoni na mtu aliyejiita mfanyakazi wa kaunti: "Mnatulaumu kanjo, lakini sisi tunapewa amri asubuhi na lengo la makusanyo jioni. Nani anatutetea sisi?"

Nililisoma mara mbili. Sikuwa nimemfikiria yeye. Askari aliyepewa lengo la pesa badala ya mafunzo atatafuta pesa, na atazitafuta kwa mnyonge wa karibu. Kwa hivyo naongeza swali la sita kwenye orodha yetu: kanjo wa kaunti wanapimwa kwa nini, kwa usalama wa soko au kwa kiasi walichokusanya? Asante, popote ulipo.

19.
Mama mdogo wangu amerudi kwenye biashara. Alinunua mizani nyingine kwa mkopo wa chama. Barua yake kwa kaunti ilipokelewa na kugongwa muhuri, nakala iko kwenye mfuko wa plastiki chini ya meza ya nyanya. Bado hajajibiwa. Nilimuuliza kama anajuta kuiandika. Akasema, "Angalau sasa wakija, najua nitamuuliza nani na nitamuuliza nini."

Wiki ijayo tutaangalia pesa za wadi: nani anaziamua na MCA anasaini nini. Tuma uzi huu kwa mtu mmoja anayeuza sokoni kabla hujautuma kwa mtu wa siasa.